Mlango Usiokuwamo Kitabuni

Mwakilishi wa kampuni alikuwa na jibu kabla hajaulizwa swali.

"Kampuni yetu haikuwahi kuahidi kitu hicho," alisema. "Sehemu hiyo ya mfumo endeshi haimo katika kitabu chochote tulichomkabidhi mteja. Aliyeitumia aliitumia kwa hatari yake mwenyewe."

Inspekta hakuandika neno. Sajini wake alikaa karibu na dirisha, mkoba wa turubai mapajani, akiitazama tai ya mwenyeji wao. Ilikuwa ya hariri, na ilikazwa hadi shingo ikafura juu yake. Hawajakaa vizuri Sajini alikwisha kumpa jina: Tai.

"Sikuuliza mliahidi nini," Inspekta alisema. "Mwanamke amekufa kwenye meza ya upasuaji kwa kutiwa damu ya kundi A, na yeye ni O. Lebo ya mfuko wa damu ilitoka kwenye mashine kuu ya hospitali, mashine mliyoiuza ninyi, Jumatatu ya kwanza baada ya kuwekewa toleo jipya. Nataka kujua kilichomo ndani ya mashine. Mkataba nimeshausoma."

"Tunaipa pole familia."

"Pole zako nitazifikisha. Nieleze huo mlango. Nieleze kama unavyomweleza Sajini."

"Afande!" Sajini alilalamika.

"Sajini akiwa na njaa."

Tai alijaribu kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaeleza. Madawati ya wodi zote huuliza mashine ile ile kwa wakati mmoja. Mfumo endeshi ndio unaojua swali limetoka dawati gani, na kwa hiyo jibu ni la mgonjwa yupi. Programu ikitaka kujua, iko njia rasmi ya kuuliza; imeandikwa, ni salama, na ni ya polepole. Ila mfumo hujiandikia jibu hilo mahali fulani ndani ya kumbukumbu yake, kwa matumizi yake wenyewe. Zamani mafundi wachache walipagundua mahali hapo, wakawa wanachungulia moja kwa moja bila kuuliza.

"Mlango wa uani," Sajini alisema.

"Mlango wa uani," Tai alikubali shingo upande. "Fundi wa hospitali, yule mzee wanayemwita Kadi, aliutumia mlango huo katika programu yake ya damu miaka yote."

"Na toleo jipya limeufunga."

"Kitabu cha toleo jipya kinasema wazi kwamba sehemu hiyo imeondolewa."

"Nimekisoma. Ninachouliza ni kama mlango umefungwa."

"Kitabu kinasema..."

"Ukinijibu tena kwa kitabu," Inspekta alisema bila kupandisha sauti, "nitaiomba mahakama ifungue mashine yako mbele ya wataalamu wa washindani wako, na kila mteja wako atasoma walichokikuta. Ukinijibu kwa mdomo, nakunywa chai yako naondoka. Nina sababu ya kuuliza. Jana nilishika mkononi kitu ambacho, kwa mujibu wa kitabu chako, hakiwezi kuwapo."

Tai alitazama mkoba uliokuwa mapajani mwa Sajini. Kisha akalegeza tai.

"Haujafungwa," alisema.

"Rudia."

"Upo. Tuliwahi kuufunga, toleo moja la nyuma. Kazi za wateja wakubwa zikasimama siku hiyo hiyo. Tulitukanwa kwenye simu na watu wazima wenye heshima zao. Tukaurudisha kimyakimya. Tangu hapo kila kitabu kinasema umeondolewa, na kila toleo linao palepale, haujasogea hata baiti moja."

"Kwa nini mdanganye?"

"Si kudanganya, Inspekta. Tukisema upo, tumejifunga kuutunza milele. Tukisema haupo, tunautunza vilevile, ila hakuna wa kutudai."

"Nani anajua, nje ya kampuni?"

"Hakuna. Mafundi wanaamini kitabu. Wale waliosoma sana ndio wanaokiamini zaidi."

Inspekta alimaliza chai yake, akasimama. Chini, kwenye ngazi, Sajini alipiga hatua mbili kwa mara moja ili amfikie.

"Basi ndiyo maana hiki kidude kipo," alisema, akiupapasa mkoba.

"Ndiyo maana."

"Afande, tungempigia mzee simu. Tangu Jumatatu anaambiwa programu yake imemuua binti yake. Jana tulimwacha vilevile. Simu moja tu."

"Hapana."

"Ni mtoto wake wa kumzaa."

"Najua ni nani wake. Endesha gari."

Chumba cha mashine kilikuwa chini ya jengo la hospitali, nyuma ya milango miwili ya chuma. Baridi yake ilikuwa ya kupangwa. Hewa ilipulizwa kutoka chini ya sakafu ya kuinuliwa, na kila mfanyakazi alikuwa na sweta lake kwenye ndoano. Makabati ya mashine yalisimama katikati, marefu, meusi, yakivuma kwa sauti moja. Ukutani kulikuwa na rafu za makasha ya tepu za kuhifadhia nakala.

Mzee Kadi alikaa mbele ya skrini iliyozimwa. Alipata jina lake enzi programu zilipotobolewa kwenye kadi za karatasi ngumu, na hakuna aliyebaki pale aliyekuwapo enzi hizo. Mtu alikuwa amebandika lebo ya mfuko wa damu mgongoni mwa kiti chake. Vijana wa zamu walikuwa wakiiona kila walipopita. Mzee hakuwa ameiona.

Mbele yake, akiwa ameegemea meza kwa mkono mmoja, alisimama mkwe wake, msimamizi wa mfumo, mume wa marehemu. Hakuwa amenyoa ndevu tangu msiba. Alikuwa amempa mzee karatasi iliyochapwa na kalamu iliyofunguliwa kifuniko.

"Nimekuandikia mwenyewe, Baba, usihangaike," alikuwa akisema. "Wewe utie sahihi tu. Unakubali ulitumia njia isiyoruhusiwa, unasema hukukusudia. Wakili anasema uzembe ni kifungo kidogo, na kwa umri wako huenda usilale ndani kabisa."

"Na mtoto?" Mzee aliuliza.

"Mtoto atakaa kwangu. Sasa Baba, atalelewaje na mtu mwenye kesi ya kifo cha mama yake? Hilo hata wewe unaliona."

"Mama yake alimleta kwangu kwa sababu."

"Mama yake hayupo. Tusimseme."

Kalamu ilikuwa imegusa karatasi wakati Inspekta alipovuta kiti.

"Sahihi itasubiri," alisema. "Habari za hapa?"

"Si nzuri, Afande," mkwe alisema. "Tunajikaza. Nilidhani mmemaliza."

"Nimebakiza maswali ya kufungia jalada. Ya kitaalamu. Nimeambiwa wewe ndiye unayeijua mashine hii kuliko wote."

"Baada ya Baba," mkwe alisema, akamgusa mzee begani.

"Baada ya Baba. Jumatatu lebo zilizotoka kabla na baada ya ya mkeo zilikuwa sahihi. Ya kwake tu ndiyo iliyokosewa. Mlango ukifungwa, si zingeharibika zote?"

"Swali zuri. Si lazima, Afande. Mfumo ukiacha kupatumia mahali, haupafuti. Pale ndani hubaki masalia. Pengine jibu la zamani ambalo kwa bahati ni sahihi, pengine la dawati la jirani. Programu ya Baba haiulizi, inachungulia tu. Ilichungulia wakati mbaya, ikamchukua mgonjwa wa wodi nyingine, mwenye A, ikabandika kundi lake kwenye jina la mke wangu. Nilimwambia Baba miaka mingapi abadilishe? Ananijibu, inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi," Mzee alisema, akiitazama skrini iliyozimwa.

"Na anayetoa mifuko ya damu hakupima?" Inspekta aliuliza.

"Hapa mgonjwa akishapimwa mara mbili na kuingizwa kwenye mashine, hapimwi tena. Mashine inasema, wanatoa."

"Una hakika ni masalia? Uliyaona, au unakisia?"

"Niliyaona kwa macho yangu. Jumatatu ile ile, mara tu niliposikia. Nilifungua kumbukumbu, nikaenda mahali penyewe. Takataka tupu. Ndipo mkurugenzi akaagiza programu isimamishwe, na haijawashwa tena hadi sasa."

"Takataka tupu," Inspekta alirudia. "Sajini, andika hayo maneno kama alivyoyasema."

"Nimeyaandika, Afande."

"Soma, asikilize kama ni yenyewe."

Sajini alisoma. Mkwe aliitikia kwa kichwa.

"Rekodi za wagonjwa," Inspekta aliendelea. "Nani anaweza kubadilisha kundi la damu la mgonjwa akiwa amekaa humu?"

"Mimi na Baba. Lakini kila badiliko huandikwa na mashine, jina na saa."

"Jumatatu maandishi hayo yalikuwa yamezimwa."

"Yalizimwa kwa ajili ya toleo jipya. Ni kawaida, yanapunguza mwendo. Niliyawasha mchana."

"Na tarehe ya kuweka toleo jipya uliipanga wewe."

"Ni kazi yangu."

"Uliipanga baada ya mkeo kupewa tarehe ya upasuaji."

Mkwe alimtazama. "Afande, kama kuna jambo, sema."

"Hakuna jambo. Napanga mambo kwa mfuatano, ndivyo ninavyolipwa. Mzee, Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nje ya chumba cha upasuaji. Kwenye benchi. Manesi walinipa maji."

"Wamethibitisha. Sasa washa programu yako."

Mzee hakusogea. "Ipi?"

"Ya damu. Ofisi ya mkurugenzi imeniruhusu, mbele ya mashahidi. Madawati yote ya wodi yataijaribu kwa pamoja. Nimewapa wauguzi wagonjwa wa kuuliza, na lebo hazitakwenda popote. Wewe utamuuliza mmoja tu, hapa hapa, kwa namba ya dawati la chumba cha upasuaji."

"Yupi?"

"Binti yako."

Kijana mmoja wa zamu alisimama akaenda zake bila kuaga.

"Huu ni ukatili," mkwe alisema. "Mwangalie alivyo! Anafanyiwa haya kwa faida gani? Itatoka takataka ile ile niliyoiona."

"Basi utakuwa umesema kweli. Mzee, chapa."

Mikono ya Mzee Kadi ilikwenda kwenye kibodi kwa mazoea. Aliwasha. Alichapa namba ya binti yake bila kuitazama popote. Printa iliyokuwa ubavuni mwake ilikohoa ikatoa kipande cha karatasi. Kutoka wodini simu ya mezani ilianza kulia, Sajini akaipokea, akawa anasikiliza na kuitikia: sahihi, sahihi, sahihi, haya rudieni.

Mzee aliisoma lebo.

"O," alisema.

"Rudia," Inspekta alisema.

Alirudia. O. Akarudia tena kabla hajaambiwa, na tena, upesi upesi, huku wodi zote zikiuliza kwa pamoja, hadi lebo zikajaa mezani na kuanguka sakafuni. Zote zilikuwa O.

"Haiwezekani," Mzee alisema. "Kitabu kinasema mlango umeondolewa."

"Kitabu kinadanganya. Mwakilishi wa kampuni amekiri asubuhi hii na atakiri tena kwa kiapo. Mlango upo palepale ulipouacha. Programu yako ilifanya kazi Jumatatu kama inavyofanya sasa. Ilimchukua mgonjwa aliyetakiwa, ikasoma kundi lililoandikwa kwenye rekodi yake, ikachapa." Inspekta alimgeukia mkwe. "Kwa hiyo hiyo takataka uliyoiona kwa macho yako uliionea wapi?"

Mkwe alisema, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kujibu wakaguzi, "Basi nilikosea mahali pa kuangalia. Nilikuwa nimefiwa. Hilo halisemi chochote kuhusu rekodi. Rekodi ya mke wangu ni O, ndiyo hiyo inachapwa. Nakala ya usiku wa Jumatatu ni O. Nakala ya Jumapili ni O. Angalieni."

"Nimeziangalia. Za usiku ni za kampuni. Sajini."

Sajini alikata simu, akafungua mkoba, akatoa kasha la tepu lililofungwa kwenye mfuko wa ushahidi, akaliweka juu ya ile karatasi iliyosubiri sahihi.

"Jana nilimuuliza Mzee swali ambalo hakuna aliyemuuliza," Inspekta alisema. "Kitu gani kingine kilipitia mlango ule? Akaniambia ana programu ndogo ya zamani inayonakili rekodi kila saa, mchana. Akasema nayo imekufa, maana mlango umefungwa. Hakwenda kuitazama. Anaamini kitabu."

Mzee Kadi alikuwa amegeuka. Alilitazama kasha kama mtu anayeona kiatu cha maiti.

"Nawe unakiamini," Inspekta alimwambia mkwe. "Ulizima maandishi ya mabadiliko. Ulijua nakala za kampuni hazichukuliwi hadi usiku. Nakala za mzee ulikuwa unazijua, umefanya naye kazi humu, lakini hukujisumbua kuzizima. Ya nini kuzima kilichokufa? Zikaendelea. Katika nakala ya alfajiri mkeo ni O. Katika inayofuata, yeye tayari yuko mezani, ni A. Katika ya baada ya kifo ni O tena. Mtu aliibadilisha kwa mkono, akairudisha kwa mkono. Mmoja wa wawili wenye ruhusa alikuwa kwenye benchi akinywa maji ya manesi."

Mkwe alikaa. Alikaa taratibu, akiwa ameshika meza.

"Alikuwa ananinyang'anya mtoto," alisema. Hakuwa akimwambia Inspekta. "Baba, mahakama ingekaa wiki hii. Ulikuwa unajua. Wewe ndiye uliyemtafutia wakili!"

"Ndiyo," Mzee alisema.

"Ningemwona mwanangu mwisho wa mwezi, kama mgeni!"

"Ndiyo."

Sajini alimfunga pingu. Alipomsimamisha, mkwe aliitupia jicho saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika kuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu mwenye shughuli za nyumbani.

"Anatoka shule saa tisa," alisema. "Mtu amchukue. Asikae getini peke yake, anaogopa."

"Babu yake atakwenda," Inspekta alisema. "Mtoe."

Milango ya chuma ilijifunga mmoja baada ya mwingine. Inspekta aliokota ile karatasi isiyotiwa sahihi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Kisha akaibandua lebo iliyokuwa mgongoni mwa kiti, akaiviringisha kati ya vidole. Mzee alikuwa bado anazisoma lebo zake, moja baada ya nyingine, akizigeuza upande na upande.

"Unatafuta nini?" Inspekta aliuliza.

"Kosa." Aliweka moja chini, akachukua nyingine. "Ingekuwa na kosa, basi ingekuwa bahati mbaya." Kisha, bila kuinua kichwa: "Hilo kasha mlilichukua jana mchana."

"Jana mchana."

"Mkalisoma lini?"

"Kabla ya jioni."

"Kwa hiyo jana jioni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nani. Sikujua imewezekanaje hadi leo asubuhi. Na nilihitaji akukute hivi hivi ulivyo. Anakujua uso. Ungekuwa na matumaini hata kidogo, angeyaona, na asingesema aliiona takataka kwa macho yake."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Hoja ilikuwa sawa, na alikuwa mtu wa kukubali hoja.

"Jana usiku wakati wa kumlaza," alisema, "mjukuu wangu aliniuliza nani alimuua mama. Shuleni wamemwambia. Nikaona heri asikie kwangu. Nikamwambia ni mimi."

Inspekta aliitia mfukoni lebo aliyokuwa akiiviringisha.

"Leo utamwambia si wewe," alisema.

"Ana miaka sita, Afande." Mzee Kadi alizima skrini, akachukua sweta lake kwenye ndoano. "Akishaambiwa jambo na mimi, haulizi tena."